Boya la Projestus Rutaihwa

Boya la kwanza nililomshonea Projestus Rutaihwa lilivuja. Alilirudisha dukani kwangu siku ya tatu likiwa limekunjwa vizuri ndani ya gazeti, akaliweka juu ya meza ya cherehani, akasema, "Ma Judica, limelala." Basi. Hakulalamika wala hakugomba. Angegomba ningemjibu, maana mimi ni mtu wa kujibu, lakini alisimama pembeni ya mlango kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina, na mimi nikabaki na maneno yangu mdomoni.

Nilikuwa nimelishona kama mto wa kitanda. Miaka ishirini na miwili nashona hapa Bukoba, nyuma kidogo ya soko: maturubai ya harusi na misiba, viti vya pikipiki, makoti ya kuelea ya watu wa mitumbwi. Nikadhani boya ni kazi ya nusu saa. Sikufikiria kwamba kila sindano inapopita inaacha tundu, na kwamba chini ya tundu langu kutakuwa na mtu. La pili niliachana na uzi, nikaliunganisha kwa gundi ya viraka na pasi ya moto, nikalijaza upepo, nikalizamisha kwenye beseni la kufulia na kukaa nalitazama kama litatoa povu. Halikutoa. Tangu siku hiyo nilianza kumwogopea mtu huyu, na nilikasirika, kwa sababu sikuwa nimemwomba aje kunipa hofu.

Projestus ni mzamiaji. Sisemi wa kubana pumzi kama tulivyokuwa tukiwaona watoto wa ziwani. Yeye anashuka na mtungi wa hewa mgongoni, kofia ya mpira kichwani, miwani ya maji usoni na mapezi ya mpira miguuni. Upande wa Muleba kuna watu wanaofuga sato ndani ya vizimba vya nyavu, na fisi maji wanavifahamu vizimba hivyo kuliko wenyewe. Wanatoboa, sato wanatoka. Projestus anashuka, anapapasa wavu fundo kwa fundo, akikuta tundu anashona. "Kumbe na wewe ni fundi," nilimwambia siku moja, akacheka, na hapo nikagundua kwamba sijawahi kumwona akicheka.

Anatafuta pia injini zilizodondoka, nanga zilizonasa na, mara mojamoja, watu waliozama. Hii ya mwisho ndiyo iliyomharibia. Ndugu wa marehemu wanampigia simu wakilia, wanamshukuru wakilia, halafu wiki inayofuata wakikutana naye njiani wanamsalimu kwa mdomo tu, mikono iko mfukoni. Mkono wake umeshika maiti, wanasema. Nimeona kwa macho yangu mama mmoja wa heshima zake akijifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba mpaka Projestus alipopita. Na huyo huyo, mtoto wake ndiye aliyetolewa majini na mkono ule! Nilitamani kumtolea uvivu, ila alikuwa ameniagiza turubai.

Kwa miaka kumi na mitano Projestus hakuwa peke yake kwenye kazi. Alikuwa na kaka yake, Ildefons, mvuvi wa nyavu, aliyekaa juu kwenye boti akishika kamba. Maji ya ziwa letu, ukishuka mita nne, ni kijani. Ukishuka kumi, hata kiganja chako hukioni. Kwa hiyo ndugu hawa walizungumza kwa kamba. Kuvuta mara moja ni kuuliza, upo? Kuvuta mara mbili ni kusema, panda. Projestus aliniambia kwamba kule chini hakuna sauti nyingine ila ya pumzi yako mwenyewe, na kwamba kamba ikitikisika mkononi ndipo unakumbuka kwamba huko juu kuna jua.

Ildefons alikufa mwaka jana, nyumbani kwao Rubafu, kwa presha, akiwa ameketi anamenya ndizi. Baada ya matanga Projestus alirudi Muleba kutafuta mtu mwingine wa kushika kamba. Wa kwanza alisinzia. Wa pili, alipoambiwa kwamba kuna siku wanatafuta maiti, alisema anakwenda kuchukua koti lake, na hadi leo bado analichukua. Projestus hakumtafuta wa tatu. Akaanza kushuka peke yake.

Mhandisi aliyemfundisha kazi hii, zamani wakati wakilaza bomba la maji ziwani, alimwambia kwamba kuzamia peke yako ni ujinga, lakini ukilazimika, beba kila kitu mara mbili. Basi anabeba. Miwani miwili. Visu viwili, maana nyavu zilizotupwa humnasa mtu. Mtungi mkubwa na mtungi mdogo wa akiba wenye mpira wake wa kuvutia hewa. Filimbi mbili. Maboya mawili: moja linaelea juu muda wote, limefungwa kwa kamba anayoishika mkononi, na la pili limekunjwa kiunoni, analijaza hewa ikibidi. Ukimwona alivyojaa vitu viwili viwili ungedhani wanashuka watu wawili.

Hilo la juu ndilo kila kitu. Ni refu kama mkono wa mtu mzima, la rangi ya chungwa, linasimama wima juu ya maji, na kazi yake ni kuwaambia wenye vyombo kwamba hapa chini kuna mtu, kaeni mbali. Hakuna kiumbe mwingine anayejua Projestus yuko wapi. Boti yake iko pale imetia nanga, tupu. Likipotea boya, na yeye amepotea, na mikono iliyolitengeneza ni hii yangu. Mtu anayesema fundi cherehani analala usingizi mtamu aje anione.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Alipokuja kulichukua boya lile la gundi alitoa kipande cha karatasi alichochora mistari miwili myekundu na herufi I ndani ya duara. Alitaka niipake kwenye boya. Nikamuuliza ni nini.

"Alama ya nyavu za Ildefons," alisema.

"Ta Projestus, Ildefons amelala Rubafu. Weka jina lako."

"Jina langu halijawahi kukaa juu ya maji. Juu alikaa yeye."

Mtu akikuambia hivyo utafanya nini? Nilipaka. Nilipaka rangi mara mbili ili maji yasiitoe, na nilijisifu kwa kazi nzuri.

Ambacho mimi sikukijua, na alichokijua yeye akakifumbia macho kwa uchungu, ni utaratibu wa mwalo wake, pale wavuvi wanapotia nanga. Mwalo wenyewe sitautaja, kwa sababu watu wake bado wananunua kwangu. Pale kila mwenye nyavu ana alama yake, ameipaka kwenye madumu yanayoelea juu ya nyavu, na imeandikwa kwenye daftari la kamati ya mwalo. Mwenye alama akifa, alama inafutwa. Hairudi majini tena. Hata mwanawe anachukua mpya. Si mambo ya mizimu. Ni kwamba wezi na wenye nyavu haramu walikuwa wakipenda sana alama za marehemu, maana marehemu haitwi kamatini kujieleza. Kwa hiyo doria ya kamati ikiona alama ya aliyekufa inaelea ziwani, haiulizi. Inakata.

Ilikuwa mwezi wa tatu, saa nne asubuhi. Doria iliona boya lenye alama ya Ildefons na, mbele kidogo, boti isiyo na mtu. Kwao jambo lilikuwa wazi: mwenye wavu haramu ametuona, amerukia chombo cha mwenzake, amekimbia. Wakaishika kamba ya boya ili kuutoa wavu. Wakaivuta mara mbili.

Projestus alikuwa mita kumi na mbili chini, gizani, akipapasa matope kutafuta injini ya mtu. Kamba ikavuta mkononi mwake. Mara mbili.

"Nilijua si yeye," aliniambia baadaye, ameketi kwenye benchi langu la wateja. "Nilijua kabisa, Ma Judica. Lakini mwili ulikuwa umeshaanza kupanda."

Alipanda bila kusimama njiani kama anavyosimama siku zote ili mwili uzoee. Alipanda bila kutega sikio kama kuna chombo juu. Alikuwa anakwenda kwa kaka yake. Aliniambia kwamba alikuwa na furaha; hilo ndilo neno alilolitumia, furaha. Niliinuka nikaenda nyuma ya duka kunawa uso, nikakaa huko mpaka nilipoweza kurudi.

Doria waliona wavu hauji, wakasema umenasa kwenye mawe, wakaikata kamba, wakalitupa boya ndani ya chombo na kuwasha injini. Kamba ikalegea mkononi mwake. Pangaboi ilipita juu yake karibu sana, anasema aliisikia kwenye meno. Alipotoa kichwa majini, doria walikuwa wanatokomea na boti yake inavutwa nyuma yao kama ng'ombe wa mnada. Alipiga filimbi mpaka midomo ikapasuka. Hawakusikia.

Alilijaza hewa boya la akiba, akalikumbatia, akakaa majini saa nne nzima. Mtumbwi wa abiria kutoka visiwani ndio uliomwona, na haukumsogelea. Ulisimama kando, abiria wakasali rozari, makumi yote matano, maana mtu mwenye kichwa cha mpira katikati ya ziwa si jambo la kawaida. Mwishowe mama mmoja akasema maiti haipigi filimbi, ndipo wakamvuta. Projestus alinisimulia hilo akitabasamu, na mimi nilicheka.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Mushumbusi, alimrudishia boti na boya na kumwomba radhi mbele ya watu. Ni mtu muungwana, siwezi kumsema vibaya. Lakini alimwuliza swali. "Ta Projestus," alisema, "sisi tulijua Ildefons hayupo. Tungejuaje kwamba wewe upo?"

Projestus alinirudia maneno hayo mara tatu bila hasira hata kidogo. Hasira nilikuwa nayo mimi. Sijui hata nilimkasirikia nani, maana mzee alikuwa na haki.

Kamati iliamua kwamba boya litabeba jina lake mwenyewe, na chini ya jina namba ya simu ya mtu wa nchi kavu. Si namba yake, maana akiwa chini simu yake inabaki kwenye boti inajipigia kelele. Ya mtu mwingine. Mtu anayejua kwamba yeye yuko chini.

Alikuja na amri hiyo dukani. Niliifuta alama ya Ildefons kwa petroli na kitambaa, polepole, yeye akitazama nje. Kisha nikaandika kwa rangi nyeusi: P. RUTAIHWA. MZAMIAJI YUKO CHINI. Nikamuuliza, na namba niandike ya nani?

Alitoa simu akaanza kupitia majina. Mwenye vizimba. Jamaa anayejaza mitungi hewa. Ofisi ya parokia. Watoto wa Ildefons walioko Dar es Salaam, ambao hupokea simu Krismasi. Alifika mwisho wa orodha, akarudi juu, akashuka tena. Nilimwona kidole kinavyosita kwenye kila jina na kuliacha. Mawe, mama wee! Nimeona watu wakizikwa na roho yangu haikuuma kama ilivyouma kukiona kidole kile.

"Acha hapo wazi," alisema. "Nitaangalia." Akatoka kwenda kunywa chai.

Sikuacha wazi. Niliandika namba yangu, tarakimu kubwa kama za nambari ya gari, na niliona haya kama msichana. Mimi mwanamke wa miaka arobaini na tisa, ambaye mume alikwenda Mwanza kutafuta kazi miaka kumi na mmoja iliyopita akasahau njia ya kurudi. Nilijipanga cha kujibu akiuliza. Nilikuwa na majibu matatu, moja kali, moja la utani, na moja la kweli.

Alirudi, akalisoma boya kuanzia juu hadi chini, akapuliza rangi ikauke. "Herufi zimetoka vizuri," akasema. Akalikunja akaondoka. Wiki iliyofuata alinitumia ujumbe: Kamati wameona namba, wameridhika. Ujumbe huo niliusoma mara nyingi kuliko ulivyostahili.

Basi ikawa hivyo. Simu yangu, iliyokuwa ikikaa ndani ya mkoba, ikahamia mezani kando ya cherehani, sauti juu kabisa. Kutoka dukani kwangu ziwa halionekani, lakini nilijifunza kusikiliza upepo kwenye mabati. Ukivuma kwa nguvu nilishona vibaya, nikafumua, nikashona tena. Mara moja kwa mwezi Projestus alikuja mjini, akakaa kwenye benchi, tukatafuna akamwani, punje zetu za kahawa, na kuzungumza juu ya fisi maji na bei ya turubai. Namba hakuitaja. Na mimi sikuitaja, kwa sababu nina kiburi. Nilianza kufikiri kwamba anaona haya, au anajuta, au namba yangu kwake ni mzigo alioupokea kwa adabu tu. Kuishi peke yangu nilishazoea, nyumba yangu ya Kagondo ina kitanda na redio na inanitosha. Kumsubiri mtu peke yangu ndiko sikukuzoea.

Mwezi wa kumi, siku ya Alhamisi, nilikuwa nampimia turubai mteja wangu Ephrasia, simu ikaita. Namba ngeni.

"Halo, samahani mama. Naitwa Ismail, niko na mtumbwi wa ndizi naelekea visiwani. Nimekuta boya huku ziwani lina namba yako. Chombo chochote karibu hakuna. Nilichukue nikuletee?"

"Usiliguse!" Nilipiga kelele mpaka Ephrasia akaachia ncha ya turubai. "Soma lilivyoandikwa! Kuna mtu chini!"

Nikamsikia akilisoma. Halafu, "Ni kweli, limeandikwa. Sasa mama, boti yake iko wapi?"

Nilielewa papo hapo. Nanga ilikuwa imeng'oka na upepo umeichukua boti, na Projestus huko chini hana habari. Atatoa kichwa kwenye ziwa tupu kwa mara ya pili.

"Ismail, baba, zima injini. Kamba usiishike hata kwa kidole. Kaa hapo hapo mpaka atoke."

"Atatoka saa ngapi?"

"Sijui."

"Mama, nina abiria, na upepo unakuja."

Nilimwambia nitamfuata mwalo kwa mwalo, nitamjua kwa sauti yake. Nilimwambia ndizi zake zitamwozea. Nilimwambia mambo mengine ambayo Mlutheri hapaswi kuyasema mbele ya mteja. Halafu vitisho vikaniishia, nikasema, "Tafadhali, waitu, mwenzetu."

Injini ikazima. Nikasikia maji yakipiga ubavu wa mtumbwi, mbuzi akilia, na mwanamke akiuliza kwa Kihaya wanangoja nini, na Ismail akimjibu wanangoja mtu. Saa ya ukutani kwangu ilikuwa saa tano na dakika nane. Ephrasia alikaa sakafuni juu ya turubai lake na kunishika mguu. Sikusali. Nilihesabu pumzi, sijui zake au zangu. Ilipofika saa tano na dakika ishirini na tisa Ismail akasema, "Mapovu, mama. Mapovu yanakaribia." Kisha watu wote kule wakapiga ukelele, na mbuzi naye, na nikasikia mtu anakohoa.

Nilibana simu sikioni nikawasikia wanavyomvuta, mtungi ukigonga mbao, Ismail akimweleza kwamba boti yake imeondoka na maji, kwamba wao walitaka kuondoka na boya, na kwamba mwenye namba ndiye aliyewakataza.

"Namba gani?" Ilikuwa sauti yake, mbali.

"Hii ya kwenye boya. Ni ya mke wako?"

"Hapana," Projestus alisema. "Hiyo ni ya fundi. Mafundi wanaandikaga namba zao kwenye kazi."

Si uongo. Maturubai yangu yote yana namba yangu pembeni. Kila fundi wa mji huu anafanya hivyo. Miezi saba mtu huyu alikuwa akishuka gizani chini ya namba yangu, akiamini kwamba natangaza biashara, na kwamba kamati wameridhika kwa bahati.

"Mpe simu," nilimwambia Ismail.

"Ma Judica?" Meno yake yalikuwa yanagongana kwa baridi.

"Ile namba si tangazo," nilisema. "Niliiandika ili uwe na mtu."

Upepo ulivuma kwenye simu.

"Sikujua," alisema. "Siku zote hizi nimekuwa nikishuka nikijua sina mtu."

"Nilikuwa hapa. Kila siku nilikuwa hapa."

Nilisikia anavyovuta pumzi na kuitoa, na mimi nilikuwa nalia waziwazi, Ephrasia ananitazama, na sikujali. Hakuna aliyeaga na hakuna aliyekata. Tulibaki hivyo, yeye kule ziwani na mimi kwenye cherehani yangu, mpaka salio la Ismail likaisha.